Kubadili Pedi za Breki za Nyuma: Kanieneo, Msuguano na Nishati katika Gari la Zamani

Wanafunzi wengi huikariri kanuni ya Pascal neno kwa neno, kisha huikosa pale swali linapoanza na maneno "Eleza kwa nini". Katika marudio haya tutachukua kazi moja inayofanyika uani, yaani kubadili pedi za breki za nyuma za gari la zamani, na kuuliza swali hilo karibu kila hatua. Kazi yenyewe haihitaji nguvu nyingi wala vifaa vya ajabu. Hata hivyo, ukiruka hatua moja gari linaweza kukuangukia wakati unalitengeneza, au likakosa breki pale linapotoka getini. Kama unataka kuifanya kwa mikono, ifanye pamoja na mtu mzima aliyekwisha kuifanya. Hapa lengo letu ni kuielewa.

Gari la mfano ni Mercedes-Benz ya familia ya W123, iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1976 hadi 1986. Ziliundwa karibu milioni 2.7, na mpaka leo utaziona barabarani, nyingine zikiwa za dizeli zinazonguruma kama trekta. Tumeichagua kwa sababu breki zake za nyuma ni za diski, na muundo wake uko wazi: ukiondoa gurudumu, karibu kila sehemu tunayoizungumzia unaiona kwa macho.

Sehemu zenyewe

Kila gurudumu la nyuma limefungwa pamoja na diski ya chuma, na vyote viwili huzunguka pamoja. Kalipa imeikumbatia diski hiyo kama kiganja kilichoshika ukingo wa sahani. Ndani ya kalipa kuna pistoni mbili zinazotazamana, moja upande wa nje wa diski na nyingine upande wa ndani. Mbele ya kila pistoni kuna pedi, ambayo ni bamba la chuma lililogandishwa kitu kigumu chenye msuguano mkubwa. Dereva akikanyaga breki, pistoni husukuma pedi, nazo pedi huibana diski kutoka pande zote mbili.

Breki ya kuegeshea ya gari hili ni kitu kingine kabisa. Ina viatu vyake vidogo vilivyojificha ndani ya kitovu cha diski ya nyuma, na huvutwa kwa waya. Hivyo mwenye gari anayelalamika kwamba breki ya mkono haishiki hataponywa na pedi mpya, hata akinunua za bei mbaya.

Kwa nini pedi huisha

Gari likienda, lina nishati mwendo. Likisimama, nishati hiyo haipotei, maana nishati haiharibiwi. Hugeuka joto kwa njia ya msuguano kati ya pedi na diski. Tuchukue gari pamoja na abiria kuwa na tungamo la kilo 1,500, na mwendokasi wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde:

Nishati mwendo = ½ × 1,500 × 20 × 20 = jouli 300,000

Jouli hizo zinatosha kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 za Selsiasi hadi 100. Kila unaposimama kutoka mwendo huo, umechemsha birika la chai kwenye breki zako. Ukipunguza mwendokasi kwa nusu, nishati haipungui kwa nusu bali hubaki robo, jouli 75,000, kwa sababu mwendokasi umezidishwa kwa wenyewe. Hapa ndipo watahini hupenda kutega.

Mteremko ni mkali zaidi. Tuseme gari hilohilo linashuka barabara ya kona nyingi kutoka Lushoto kwenda Mombo, na tukadirie kwamba kimo kinapungua kwa mita 900. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa newtoni 10 kwa kila kilo:

Nishati ya kimo = 1,500 × 10 × 900 = jouli 13,500,000

Hizo ni birika 45. Dereva akishuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote, karibu joto lote hilo litapita kwenye pedi na diski. Akishuka kwa gia ndogo, injini nayo hupokea sehemu kubwa. Ndiyo maana madereva wazoefu husema ushuke kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Sasa swali la kufikirisha: kwa nini pedi za mbele kwa kawaida huisha kabla ya za nyuma? Gari linapofunga breki, mwili wake hutaka kuendelea mbele kutokana na inesha, na kwa kuwa kitovu cha uzito kiko juu ya ardhi, gari huinamia mbele. Uzito mwingi huhamia magurudumu ya mbele, na ya nyuma huwa mepesi. Gurudumu jepesi halishiki barabara vizuri. Lingefungwa kwa nguvu sawa na la mbele, lingekwama na kuserereka, na gari lingegeuka mkia kuwa kichwa. Kwa hiyo watengenezaji huzipa breki za nyuma kazi ndogo kwa makusudi. Matokeo yake pedi za nyuma hukaa miaka mingi, na kukaa huko ndiko kunakoziponza, kwa sababu husahauliwa. Pini huota kutu, pistoni hukwama, na mwenye gari hukumbuka siku anaposikia chuma kikisaga chuma. Kwa gari hili, kitu cha msuguano kikibaki na unene wa milimita 2, pedi zimefikia mwisho.

Kabla ya kuinua gari

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nasi tutakaa hapa kidogo.

Gari liwe kwenye sakafu ngumu na tambarare. Legeza boliti za gurudumu kidogo likiwa bado chini, kwa sababu ukilegeza likiwa hewani litazunguka pamoja na spana, na mtikisiko unaweza kuliangusha gari. Kisha weka kabari madhubuti mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

Kwa nini ya mbele? Fikiri. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma tu. W123 huendeshwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo hata ukiingiza gia, zinazozuiwa ni za nyuma tu. Ukiinua nyuma yote, vitu vyote viwili ulivyokuwa ukivitegemea vimeinuka hewani pamoja na magurudumu. Gari sasa limesimama juu ya magurudumu mawili ya mbele yasiyoshikwa na chochote, tayari kusogea na kuteleza kutoka kwenye jeki. Kabari ndiyo breki pekee iliyobaki.

Na ukiinua upande mmoja tu? Wengi hudhani gia itasaidia, kwa kuwa gurudumu la upande wa pili bado liko chini. Haitasaidia. Kati ya magurudumu mawili ya nyuma kuna difu, ambayo kazi yake ni kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Shafti inayotoka kwenye gia ikiwa imefungwa, gurudumu moja likizunguka mbele, jingine huweza kuzunguka kinyume. Gurudumu la chini litabingirika, na la juu litazunguka hewani kinyumenyume bila kizuizi. Breki ya mkono ingeshika gurudumu lile la chini, lakini juu ya gari lenye umri wa miaka arobaini, waya wa breki ya mkono si kitu cha kuwekea dhamana mguu wako.

Inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya sehemu imara zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, na ushushe uzito juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Jeki ya mafuta hushikilia gari kwa kimiminika kilichozuiwa na mipira midogo, na mpira ukivuja jeki hushuka polepole, au kwa ghafla. Pia chunguza pale unapoweka jeki. Magari haya huota kutu kwenye matundu ya jeki yaliyo pembeni chini ya milango, na chuma kilicholiwa kinaweza kubonyea kikaachia. Usiweke matofali ya saruji badala ya stendi. Tofali hustahimili mgandamizo uliosambaa, lakini likibanwa kwenye sehemu ndogo huweza kupasuka bila onyo. Eneo likipungua, kanieneo huongezeka. Hilo umelisoma kwenye mfano wa kiatu chenye kisigino chembamba.

Kutoa pedi za zamani

Ondoa gurudumu. Utaona pini mbili zimepita kalipa kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikizishika pedi, na katikati yake springi bapa. Kwa ponchi na nyundo ndogo, gonga pini moja moja kutoka upande wa nje kwenda ndani, ukiilinda springi isikurukie usoni. Kalipa yenyewe haihitaji kufunguliwa. Pedi hutoka kwa kuvutwa nje, ingawa kwenye gari la zamani huweza kugoma kwa sababu ya kutu, na hapo subira hufaa kuliko nyundo kubwa.

Usipulize vumbi. Pedi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa asbestosi, na nyuzi zake zikivutwa mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Huwezi kujua kwa kutazama kama pedi uliyoikuta ina asbestosi. Lowesha, futa kwa kitambaa kibichi, tia kitambaa kwenye mfuko na uufunge. Kuna mafundi wanaopuliza kwa kompresa kila siku na hawajisikii vibaya. Maradhi haya hayana haraka.

Linganisha pedi mbili za kalipa moja. Zikiwa zimeisha sawa, vizuri. Moja ikiwa nyembamba sana na mwenzake bado nene, pistoni mojawapo imekwama, na pedi mpya peke yake haitatibu ugonjwa huo. Tazama pia bomba la mpira linaloleta kimiminika kwenye kalipa. Mpira wa zamani huweza kuvimba kwa ndani, tundu likawa jembamba. Mguu wa dereva una nguvu ya kukisukuma kimiminika kipite, lakini hakuna nguvu ya kutosha ya kukirudisha, hivyo breki hubaki zimeshika na gurudumu hupata moto.

Kurudisha pistoni: Pascal anapoingia kazini

Pedi mpya ni nene kuliko zilizotoka, kwa hiyo pistoni lazima zirudishwe ndani ya kalipa. Kabla ya hapo, tukumbuke zilitokaje.

Kanuni ya Pascal inasema kwamba kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Tuseme dereva anakanyaga kwa kani ya newtoni 200. Pedali ni wenzo. Tuchukue kwamba inaizidisha kani mara 5. Kwenye silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, kuna newtoni 1,000. Tarakimu hizi na zinazofuata zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, na tumeliacha kando busta linalomsaidia dereva. Pistoni ya masta ina eneo la sentimita za mraba 4, na kila pistoni ya kalipa sentimita za mraba 10:

Kanieneo = 1,000 ÷ 4 = newtoni 250 kwa kila sentimita ya mraba
Kani ya kila pistoni ya kalipa = 250 × 10 = newtoni 2,500

Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.4, kila pedi huizuia diski kwa newtoni 1,000, na pedi mbili kwa newtoni 2,000. Angalia kwamba eneo la pedi halikuingia popote katika hesabu hii ya msuguano. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini basi pedi ni pana, asijibu "ili msuguano uongezeke". Ni pana ili joto lisambae na ziishe polepole.

Rudi kwenye kazi. Ukitoa pedi zote mbili kisha ukaisukuma pistoni moja ndani, nyingine itatoka, kwa sababu kimiminika ulichokisukuma kinatafuta njia, na njia rahisi ni pistoni mwenzake isiyozuiwa. Ikitoka kabisa, kimiminika kitamwagika, hewa itaingia, na kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Dawa yake ni kutoa pedi moja, kurudisha pistoni yake taratibu, kuweka pedi mpya, ndipo ugeukie ya pili. Sukuma kwa kitu bapa na kwa unyoofu, bila kuichokoa diski wala kuutoboa mpira wa vumbi.

Kimiminika kinachorudi kinaenda wapi? Kwenye kopo lililo juu ya masta. Pistoni nne za nyuma zikirudi milimita 8 kila moja:

4 × 10 × 0.8 = sentimita za ujazo 32

Kama mtu amekuwa akijaza kopo kila lilipopungua, halitakuwa na nafasi ya kiasi hicho, na litafurika. Kwa hiyo fungua kifuniko, utazame, na upunguze mapema. Kikimwagika kwenye rangi ya gari, osha kwa maji mengi mara moja, maana kinababua rangi.

Hapa pana neno linalopotosha. Mtaani kimiminika hiki huitwa oili ya breki, ilhali si oili. Kwa magari kama haya hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli. Mtu akilifuata jina na kuongeza oili ya injini, mipira yote ya mfumo itavimba na kuharibika, kuanzia masta hadi kalipa, na breki zitamwishia. Nunua kilichoandikwa DOT 4, chupa ikiwa bado imefungwa. Kina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Kikiwa kipya, DOT 4 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Kikishanyonya maji kwa kiwango kinachotumika kwenye vipimo, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Kikichemka kwenye mteremko, huleta mapovu ya mvuke. Kimiminika hakigandamizwi kirahisi, mvuke hugandamizwa. Mguu utazama, na kani itaishia kwenye kuyabana mapovu badala ya kuzibana pedi. Kukibadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa.

Pistoni nayo hujirudishaje kidogo kila dereva anapoachia pedali, wakati hakuna springi inayoivuta? Kazi hiyo hufanywa na mpira unaoizunguka. Pistoni ikitoka, mpira hujikunja pamoja nayo. Kanieneo ikiondoka, unyumbufu wake huuvuta mahali pake, na pistoni hurudi kwa sehemu ndogo ya milimita. Pedi zikiisha, pistoni huteleza mbele ndani ya mpira na kuanza upya. Breki za diski hujirekebisha zenyewe kwa njia hiyo.

Safisha mahali pedi zinapoteleza kwa brashi ya waya. Paka grisi maalumu ya breki, kidogo sana, mgongoni mwa bamba, ili kuzuia mtetemo unaoleta mlio. Grisi ikigusa uso wa msuguano, pedi hiyo haifai tena. Tumia pini na springi mpya kama zimo kwenye boksi. Fanya hivyohivyo upande wa pili wa gari, siku hiyohiyo, kwa pedi za aina ileile, kwa kuwa pedi za aina mbili zina vizigeu viwili vya msuguano, na gari litavuta upande mmoja unapofunga breki.

Pampu kabla ya kusogeza

Rudisha magurudumu, kaza boliti kwa mkono, shusha gari, kisha kaza kwa mpangilio wa kuvukavuka, si kwa kuzunguka. Kipimo cha gari hili ni newtonimita 110. Kwa spana yenye urefu wa mita 0.5, kani inayohitajika ni 110 ÷ 0.5 = newtoni 220, karibu uzito wa ndoo ya maji ya lita 20 pamoja na ndoo yenyewe. Anayesimama juu ya bomba refu na kurukaruka anaivuta boliti kupita unyumbufu wake, na siku ya pancha njiani hataifungua.

Usiwashe gari bado. Ingia, ukanyage breki.

Mguu utazama. Pistoni zilirudishwa ndani zaidi ya ilivyohitajika, kwa hiyo kuna pengo kati ya pedi na diski. Tuseme kila pistoni ina pengo la milimita 3, na kila mkanyago unaisogeza pistoni ya masta sentimita 1.5:

Ujazo unaohitajika = 4 × 10 × 0.3 = sentimita za ujazo 12
Ujazo wa mkanyago mmoja = 4 × 1.5 = sentimita za ujazo 6
Mikanyago = 12 ÷ 6 = 2

Mikanyago miwili ya kwanza inaziba pengo tu. Katika mikanyago hiyo hakuna hata newtoni moja inayoibana diski ya nyuma. Pascal hajakosea; kanieneo haiwezi kujengeka mpaka pistoni zikutane na kizuizi. Sasa fikiria mtu aliyesahau. Anatoka uani kwa kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde. Anafika barabarani, anakanyaga, pedali inazama. Anashtuka, anakanyaga tena. Sekunde mbili zimepita, na gari limekwenda mita 10, ambazo ni zaidi ya upana wa barabara nyingi za mtaani. Katika W123 breki za mbele zina njia yake ya kimiminika, hivyo hazitapotea zote, lakini zitashika kwa kuchelewa, pedali ikiwa chini kabisa. Na kama siku hiyo alibadili za mbele pia, hana kitu.

Pampu basi mpaka pedali iwe juu na ngumu. Iendelee kuwa laini kama sponji, kuna hewa ndani, na gari lisitoke mpaka fundi aitoe. Ikiwa ngumu, kanyaga na ushikilie, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta linafanya kazi. Ongeza kimiminika hadi alama, funga kopo, na ujaribu mwendo wa kutembea kwa miguu ukiwa bado uani. Kwa kilomita mia mbili hivi za mwanzo usifunge breki kwa ghafla bila sababu, kwa kuwa uso wa pedi mpya bado haujalingana na mikwaruzo ya diski ya zamani. Sehemu zinazogusana ni chache, na hapo hupata joto kupita kiasi.

Swali la kujipima

Fundi amebadili pedi za nyuma za gari. Pistoni ya masta ina eneo la sentimita za mraba 5, na kila moja ya pistoni nne za nyuma ina eneo la sentimita za mraba 12. (a) Kani kwenye pistoni ya masta ikiwa newtoni 1,500, tafuta kani ya kila pistoni ya nyuma. (b) Kila pistoni ina pengo la milimita 2.5 na mkanyago mmoja husogeza pistoni ya masta sentimita 1.2. Ni mkanyago wa ngapi utakaoanza kuzibana diski? (c) Eleza kwa nini kuingiza gia hakutoshi kulizuia gari hili, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, wakati gurudumu moja la nyuma limeinuliwa.

Majibu. (a) Kanieneo ni 1,500 ÷ 5 = newtoni 300 kwa sentimita ya mraba; kani ni 300 × 12 = newtoni 3,600. (b) Ujazo wa pengo ni 4 × 12 × 0.25 = sentimita za ujazo 12; mkanyago mmoja hutoa 5 × 1.2 = sentimita za ujazo 6. Miwili ya kwanza huziba pengo, kwa hiyo ni wa tatu. Ukiandika "wa pili" umekokotoa vizuri lakini hukulisoma swali. (c) Difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume pale lililo chini linapobingirika, ingawa shafti ya gia imefungwa. Kwa hiyo gari linaweza kusogea mpaka magurudumu ya mbele yawekewe kabari.